Uzi Wenye Mafundo

Alhamisi, saa nne kasoro, gereza la wanawake Lang'ata.
Kikapu chake nakijua kabla ya uso:
ukindu wa Kitui, mshikio mmoja umefungwa plasta ya hospitali.
"Habari ya lango, Nafuna?" husema Sista Eufrasia,
kana kwamba lango ndilo huamka na mgongo unaouma.

Kazi yangu ni kuchokora.
Mkate naukata vipande vinane.
Sabuni naidunga waya katikati,
maana mwaka juzi sabuni moja ilikuwa na simu tumboni.
Sodo nahesabu. Miwani nainua mwangani.
Biblia naikung'uta kama shuka yenye mchanga;
picha ya Mtakatifu Yosefu ikadondoka, nikairudisha
kwenye Hesabu, sijui kama ndipo ilipolala.
Yeye hungoja tu. Hanihubirii.
Siku moja aliniuliza
kama buti za serikali zinanibana.
Nikasema hapana.
Zinanibana.

Leo, chini kabisa, chini ya pamba na karanga,
uzi.
Wa katani, mrefu kama kiganja na nusu,
una mafundo kumi na moja.

Uzi hauingii humu. Wala kamba, wala mshipi, wala lesi ya kiatu:
imeandikwa ukutani nyuma yangu kwa rangi nyekundu,
na aliyefanya iandikwe hatumtaji.

"Ni miguu," akasema Sista.
"Miguu?"
"Ya watoto waliofungwa na mama zao. Hili ni la binti wa Kerubo.
Hili pacha mkubwa, hili mdogo. Ni mafundo ya Pasaka,
nataka kuyasogeza. Bisimwa ndiye anashona,
kule Kangemi, nyuma ya kanisa.
Bukavu alitoka na nyundo na kalibu moja ya mbao.
Kibali chake kimekwisha, hawezi kuja kupima mwenyewe.
Akifika kwako," akacheka kidogo, "hutamrudisha."

Sikucheka.

Nilikuwa na miaka kumi. Uwanja wa Maonyesho, Jamhuri, Januari,
na Kibera yetu ikifuka ng'ambo ya uzio.
Mama amekumbatia sufuria; kifuniko kilibaki
na nyumba, na nyumba ilibaki na moto.
Mtawa akapiga magoti kwenye nyasi kavu,
akashika kisigino changu, nami nikaona haya,
kilikuwa na majivu.
Akavuta uzi hadi kidole gumba. Akafunga fundo.
Hakuuliza kabila. Hakuuliza hata jina.
Siku ya tatu viatu vikaja, vya kijani,
navyo vikanitosha kama vilinijua.

Uso wake sikuuona. Niliona utosi wa kilemba cheupe,
na vilemba vyeupe Nairobi hii ni vingi.
Ningeweza kumuuliza.
Lakini foleni ilikuwa inakohoa nyuma yake,
na mimi nina fundo langu la mwaka ule,
la waliotuchomea,
ambalo halijapima mguu wa mtu yeyote.

Nikafungua daftari.
Nikaandika: *Uzi, mmoja. Chini ya uangalizi wa askari.*
Safu ya sababu nikaiacha wazi.
Nikamwachia Chepng'eno lango, nikaingia naye.

Katika chumba cha watoto kulinuka maziwa na dawa ya sakafu.
Pacha mdogo hakutaka kushikwa na sista.
Alitaka kushikwa na mwenye vifungo vinavyong'aa.
Basi nikapiga magoti na buti zangu,
nikashika kisigino,
chenye joto, chepesi, kikipiga teke kama samaki.
Sista akavuta uzi.

Mguu ulikuwa umepita fundo kwa upana wa ukucha.
"Amekua," akasema.
"Humu humu," nikasema,
na sijui sauti yangu ilikuwa ya askari
au ya nani.